Majani Makavu na Mtoto Niliyemnyamazia

Wanangu mnaosomea kazi ya nasari huko Barking, salamu. Mwenzenu Saida alinifuata arusini juzi akaniambia, "Bibi Shirin, wewe umekaa na watoto wadogo wa London miaka na miaka. Tuandikie basi kazi za mikono za kufanya nao msimu huu wa majani kupukutika. Tena tuandikie kwa Kiswahili, Kizungu tunacho cha kutosha darasani." Nikacheka, nikakubali. Nilipofika nyumbani nikashika kalamu, kicheko chote kikaniisha. Msimu huu siupendi, wanangu. Kila mwaka majani yalipoanza kugeuka rangi nilikuwa naomba niugue, nilale kitandani mpaka Krismasi ipite.

Sababu yake nitawaambia. Kwanza niwape mliloomba, msije mkasema kizee cha Kihindi kimewadanganya.

Anzeni na majani yenyewe. Msiyaokote asubuhi umande ukingalipo, wala baada ya mvua, na kwa kuwa mvua ya London haina kwao, itabidi muivizie. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Nilikuwa nimetoka Mombasa, na Mombasa jani likianguka linafagiliwa, halichezewi. Miss Dorothy, mkuu wa nasari yetu, aliniambia nikusanye majani. Nikajaza sanduku zima, yote yamelowa chepechepe, nikaliweka juu ya hita siku ya Ijumaa ili yakauke. Jumatatu tulipofungua mlango, astaghafirullah! Ukumbi mzima ulinuka samaki aliyesahauliwa. Akina mama waliwaleta watoto huku wameziba pua kwa mitandio. Miss Dorothy hakunigombeza. Alifungua madirisha yote na baridi ile, akaniambia, "Shirin, kitabu cha simu." Ndivyo nilivyojifunza. Jani linalazwa katikati ya kurasa za kitabu kizito, majani yasigusane, unaweka matofali juu, unaliacha wiki nzima. Vitabu vya simu siku hizi havipo, basi chukueni magazeti ya bure ya stesheni.

Kuchapa sura ya jani: upande wenye mishipa uwe juu, karatasi nyembamba juu yake, na krayoni ilazwe ubavu, isisimamishwe. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kushika jani na karatasi kwa pamoja, kwa hiyo libandikeni jani mezani kwanza. Taji la majani: kateni ukanda wa kadibodi, pimeni kichwa cha mtoto kwa uzi, na mkibana kwa stepla, ncha za pini ziwe nje. Mimi niliwahi kumkwaruza mtoto wa watu paji la uso, na mama yake alinipa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mbegu za mwaloni zihesabuni mkizitoa na mzihesabu mkizirudisha. Ikikosekana moja, chungulieni puani kabla hamjainama chini ya meza.

Halafu kuna kalunguyeye wa unga, yule mnyama mdogo wa miiba. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kikombe kasoro, kandeni mpaka usinate. Mtoto anafinyanga mviringo, anachomeka vijiti vifupi mgongoni, basi. Vifupi, nasema! Mimi kalunguyeye nilikuwa sijapata kumwona, nikadhani ni nungunungu, nikamchomeka vijiti virefu kama penseli. Miss Dorothy alikitazama kitu kile muda mrefu, kisha akakigeuzia ukutani watoto wasije wakalia. Na siku ya pili akaja nyanya mmoja wa Kigujarati kumchukua mjukuu wake, akaona unga umemwagika sakafuni na watoto wanaukanyaga, akapiga kelele za msiba. Unga ni chakula, haukanyagwi. Toka siku ile watoto wa kwetu niliwapa udongo, wengine wakaendelea na unga. Nanyi waulizeni wazazi kabla hamjamwaga chakula cha mtu chini.

Haya, nimelipa deni la Saida. Anayetaka kuishia hapa aishie.

Nasari yetu ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Queensbury. Wakati ule tulikuwa tunamiminika, Wahindi wa Kenya tuliokuwa na pasi za Kiingereza, kila mmoja na koti lisilomtosha. Siku Miss Dorothy aliponihoji aliniuliza najua lugha gani. Nikamjibu Kiingereza, Kigujarati na Kikachi. Kiswahili sikukitaja. Jamani, Kiswahili ndicho nilichogombania na ndugu zangu uani, ndicho ninachoota nacho hadi leo. Lakini jirani yangu alikuwa amenionya, "Ukiwaambia unajua lugha ya maboi, watakupa ufagio." Ndivyo tulivyokuwa, wanangu, sitawafichia. Tulikisema kutwa nzima na tukakionea haya. Nikakiacha nje ya mlango na nikapata kazi.

Mwaka wangu wa tatu, mwezi wa Septemba, akaletwa Rekha. Alikuwa na miaka minne na nusu, nywele za misuko miwili, soksi za manjano. Mama yake aliitwa Kokila, naye kwao Mombasa. Mumewe alikuwa amebaki huko akingoja kibali cha kuingia Uingereza, na yeye na mtoto wakawa wamehifadhiwa nyumbani kwa shemeji yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Rekha alikaa pale alipowekwa. Hakulia, hakucheka, hakujibu jina lake. Wiki ya kwanza tukasema ni ugeni. Wiki ya nne Miss Dorothy akaanza kuandika kwenye faili.

Siku moja tukawatoa watoto uani kuokota majani. Kando ya ukuta paliota maua fulani yenye majani marefu membamba, yamekauka yamekuwa ya njano. Watoto wengine walikuwa wanarushiana majani vichwani. Rekha alikuwa amechutama ukutani, amenipa mgongo. Nikasogea nione anachofanya. Alikuwa amechana lile jani vipande vitatu sawasawa kwa ukucha, na anasuka. Anasuka ukili, wallahi, ule wanaoshona mikeka akina mama wa pwani, huku ananong'ona peke yake, "Huyu apite juu, huyu apite chini, vuta."

Nikachutama. Nikamwambia taratibu, kwa Kiswahili, "Mwanangu, nani kakufundisha?"

Alishtuka. Akatazama huku, akatazama huku, kisha akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Usiseme," akaninong'oneza. "Mama kasema tusikiseme. Kafundisha Yaya Mejumaa. Yaya anasuka mkeka mkubwa wa kulala watu wanne. Mimi nasuka wa mdoli."

Miss Dorothy alipopita akaona majani yamechanwachanwa chini. "Aha, anararua vitu," akasema, na usiku wake nadhani ndivyo alivyoandika.

Jioni ile nilimshika Kokila langoni. Tuliongea Kigujarati. Nikamwambia, "Kokilaben, mtoto wako anasema. Anasema kushinda wote hapa. Anasema Kiswahili."

Akageuka rangi. "Shirinben, dada yangu, nakuomba, sauti."

Akanieleza harakaharaka, huku mtoto kasimama katikati yetu anachezea kifungo. Yeye na mumewe walikuwa dukani alfajiri mpaka magharibi. Mtoto kalelewa na yaya, kala kwa yaya, sikukuu nyingine kalala kwa yaya huko Likoni. Kigujarati anakisikia kidogo, hakijibu. Sasa ile nyumba aliyofikia, mke wa shemeji yake katoka India moja kwa moja, Afrika haijui. "Akijua kwamba mtoto wa ukoo wao anasema lugha ya watumishi na ya bibi yake haijui, ataandika barua Mombasa. Atasema sikumlea mwanangu. Mume wangu anaweza kuniacha huku huku. Nimewaambia ni baridi ya safari, imemfunga ulimi. Atakizoea Kigujarati, Shirinben. Nipe mpaka Krismasi."

Ningefanya nini? Mngefanya nini nyinyi? Siri ya mwanamke mwenzangu, aibu ya nyumba ya watu. Kwetu mtu haendi kuitangaza. Nikamwambia, "Haya."

Basi kwa wiki zile mimi na Rekha tukawa na maficho yetu, chumba cha kutundikia makoti. Wenzake wakinywa maziwa, mimi najifanya namvalisha viatu, na yeye anabubujika. Alihesabu mbegu za mwaloni mpaka thelathini. Alinieleza jani lipi litakauka kwanza na kwa nini. Aliniita Masi, yaani mama mdogo. Aliniuliza kama Yaya Mejumaa atakuja kwa ndege au kwa meli, kwa sababu kwa ndege ataogopa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa na kiu ya kukisema, nikaikata kwa yule mtoto kwa siri, kisha tukirudi ukumbini namsemesha Kizungu naye ananitazama tu, kimya, kama tulivyopatana.

Mwishoni mwa Novemba Miss Dorothy akaniita. Alikuwa mwema, msimfikirie vibaya, angalau si sana. Akasema ameiandikia ofisi ya elimu. Bwana mmoja atakuja kumpima Rekha. Asipoonyesha dalili ya kusema, baada ya Krismasi hatakwenda shule ya msingi na wenziwe. Atapelekwa shule ya watoto wazito wa akili, na akishaingia huko, akaniambia, ni nadra mtoto kutoka.

"Wewe utakuwa mkalimani wa Kigujarati," akasema. "Anakuamini."

Nikaenda kwa Kokila. Nikamwambia waziwazi ni shule gani. Akalia, akanishika mikono, akasema siku hiyo Rekha atajibu kwa Kigujarati, atamfundisha usiku na mchana. Alimfundisha. Maneno kumi: kikombe, mbwa, kiatu, nyumba, sijui nini. Kila asubuhi nilimuuliza mtoto kule kwenye makoti, naye alijua manane. Nikajipa moyo. Nikajiambia manane yatatosha.

Na ili mambo yawe mepesi kwake niliandaa sinia. Nilipanga majani tuliyoyakausha pamoja, mekundu, ya njano, ya kahawia, na mbegu zinazong'aa na vipande vya uzi. Nilifikiri akiona vitu vyake hataogopa. Ujuzi wa kazi, wanangu! Sinia lile nililipanga kwa mikono yangu.

Yule bwana alikuwa kijana, ana mafua. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni. Akatoa picha. Kikombe. Nikamuuliza Rekha kwa Kigujarati, hiki nini? Akamtazama mama yake. Kimya. Mbwa. Kimya. Kiatu. Midomo ikamcheza, nikasema sasa, sasa, lakini Kokila kwa hofu akamtupia neno kali, "Sema!" na mtoto akajikunja. Yote manane yakampotea pale pale.

Yule bwana akapenga kamasi, akaandika. Kisha akaliona sinia. Akalivuta karibu na Rekha, akamwachia.

Uso wa mtoto ukafunguka. Akasahau. Alichukua jani kubwa, akaliweka mbele yangu, na kwa sauti safi kabisa, sauti ya kwenye makoti, akasema, "Masi, hili la Baba, kubwa, limebaki Mombasa. Hili la Mama. Hili dogo lenye tundu langu mimi. La Yaya silioni. Umelificha wapi?"

Yule bwana akainua kalamu. Akaniuliza mimi, si mama yake. "Hiyo ni lugha? Amesema kitu?"

Wanangu, nataka mjue kwamba nilikuwa na nafasi. Msiseme baadaye kwamba bibi alibanwa. Aliniuliza kwa upole, akangoja. Ningemjibu, "Ndiyo, ni lugha, na mtoto huyu ana akili kuliko sisi wanne," yangekwisha. Ila Kokila alikuwa ananitazama, mtandio ameukamata kwa meno. Na Miss Dorothy alikuwa mlangoni. Nikaona jinsi atakavyoniuliza: kumbe unaijua? Tangu lini? Miezi miwili naandika kwenye faili kwamba mtoto hasemi, na wewe unaongea naye? Nikauona na ufagio.

Nikasema, "Hapana, bwana. Si lugha. Ni sauti tu."

Kiswahili hikihiki ninachowaandikia. Nilikuwa nimezaliwa nacho.

Akaandika. Rekha alikuwa bado anatafuta jani la yaya, akakosa, akachukua vile vipande vya uzi akaanza kusuka. Yule bwana akatazama kidogo akaandika tena, na mimi nilikuwa karibu nikausoma mstari wenyewe. Aliandika kwamba anachezea nyuzi.

Mtaniuliza kama sikwenda kuungama. Nilikwenda. Barua ya ofisi ya elimu ilipotoka nilikwenda ofisini kwa Miss Dorothy, nikafunga mlango, nikamwambia yote, nalia kama mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shirin, ofisi imeshaamua. Nikiwaandikia hivi watauliza sisi wote wawili tulikuwa tunafanya nini." Akanipa kitambaa nijifute. Nilijifuta, nikarudi ukumbini, watoto walikuwa wananingoja tukate theluji za karatasi. Kazi sikufukuzwa. Nikakaa mpaka kustaafu, nikapewa kadi na saa ya mezani.

Kokila hakunisemesha tena, wala sikumlaumu. Mumewe alipokuja walihama mji. Niliuliza hekaluni Neasden, niliuliza madukani, kwa watu waliowajua. Wengine wakasema Leicester, wengine hawakumbuki kama walikuwa na binti. Huyo leo ni mtu mzima, ana mvi. Sijui kama alijifunza kusoma. Sijui kama bado anasuka.

Msiniambie yamepita. Saida alipoona nimebadilika uso arusini alinishika bega akasema, "Bibi, zamani hizo, kila mtu alikosea." Ah, Saida. Miaka ile yote nilifundisha watoto wa watu kubandika majani, na mikono yangu ilijua kazi, na akina mama walinisifu. Moyo haukutulia hata Oktoba moja. Sina la kuwapa zaidi ya hili: mtoto akisema mbele yenu, na nyinyi mkaelewa, semeni mmeelewa. Semeni dakika ileile, mbele ya yeyote aliyepo. Dakika ya pili yake mimi sikuipata tena.

Wiki ya kwanza ya Januari walimfuata kwa gari dogo jeupe, pale pale nasari, kwa sababu kule kwa shemeji hawakutaka majirani walione. Kokila alikuwa amemwacha mtoto mlangoni akaondoka mbio, kichwa chini. Mimi ndiye niliyempeleka mpaka kwenye gari. Nilimfunga kifungo cha koti cha juu. Mvua ilikuwa inanyesha. Miss Dorothy alikuwa nyuma yangu na mwavuli na faili.

Rekha akapanda, akaketi kando ya mlango. Ndani walikuwemo watoto wengine wanne na mama mmoja wa Kizungu aliyewasimamia. Akawatazama wote, mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi.

"Masi," akasema, "Yaya akija, utamwambia niko wapi?"

Miss Dorothy akauliza, "Anataka nini?"

"Bye-bye, Rekha," nikasema kwa Kizungu. "Be a good girl."

Alinitazama. Nadhani alifikiri sikusikia kwa ajili ya mvua. Akainama mlangoni, akalirudia swali lake polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu kidogo, vile anavyosemeshwa mtu asiyejua lugha. Nikaufunga mlango wa gari.